Tovuti ya chuo: namna ya kupanga menyu na kurasa ili mgeni apate anachotafuta

Hii ni kwa yeyote aliyebebeshwa tovuti ya chuo, iwe wewe ni devu (mtengeneza tovuti) umelipwa au ni mtu wa IT hapo hapo chuoni umeambiwa tu "hebu irekebishe hiyo tovuti yetu". Nasema chuo kwa sababu ndo sehemu ambayo kila mwaka matokeo ya kidato cha nne yakitoka wanaingia wageni kabisa, watu ambao jana hawakujua kama mpo, na majibu wanayataka leo. Ukiwa unatengeneza ya SACCOS au ya zahanati nenda nayo hivi hivi, utabadilisha maneno tu. Rangi za mapambo na animesheni sizigusi, wanaofundisha hayo wapo wengi.

Mtu wa kumuwaza muda wote ni huyu: binti kamaliza form four, au mama yake, kashika itel au Tecno yenye kioo cha ufa, bando la kuungaunga, anataka kujua ada basi. Akizunguka kidogo hajaona anapiga simu ofisini, ofisini simu inaita tu, anahamia chuo kingine. Ndo umempoteza hivyo, na wala hamtajua kama aliwahi kupita.

Anza mapokezi, kompyuta baadae

Tovuti nyingi za vyuo menyu yake ni chati ya utawala imelazwa ubavu. Utakuta Nyumbani, Kuhusu Sisi, Utawala, Taaluma, Huduma kwa Wanafunzi, Machapisho, Matangazo, Galari, Barua Pepe ya Wafanyakazi, Wasiliana Nasi. Imekujaje hivyo? Kilikaliwa kikao, kila mkuu wa idara akataka na idara yake ionekane juu, hakuna wa kumkatalia bosi, ikapita. Sasa mgeni atajuaje kwamba ada iko kwa mhasibu ambae yuko chini ya Utawala, fomu iko kwa msajili ambae yuko chini ya Taaluma, na hosteli ipo kwa mlezi wa wanafunzi kwenye kona nyingine kabisa? Hawezi kujua na sio kazi yake kujua.

Kwaio kabla hujafungua WordPress (programu ya kutengenezea tovuti) nenda mapokezi, au kwa yule dada anaeshika simu ya chuo na WhatsApp ya chuo, ukae nae msimu wa udahili hata asubuhi moja. Uwe na daftari. Kila swali linaloingia liandike vile vile alivyosema mpigaji, usilinyooshe liwe la kiofisi. Utaona yanajirudia: ada shingapi, inalipwa kwa awamu ngapi, nina D nne naweza kusoma nini, mwisho wa kuapply lini, hosteli ipo, joining instruction naipata wapi, chuo kimesajiliwa kweli, nikishuka stendi napanda gari gani. Kila likirudi piga kijiti pembeni. Alafu fungua kurasa ya Facebook ya chuo usome komenti za chini ya matangazo, pale utakuta watu wameandika tu "Ada?" na hakuna aliewajibu, nayo piga kijiti.

Hilo daftari lina kazi mbili. Ya kwanza ndo menyu yako, maswali yenye vijiti vingi yanakaa juu, yasiyo na kijiti yanashuka chini au yanatoka kabisa. Ya pili ni ngao, mana kwenye kikao bosi akikwambia "ukurasa wa historia ya chuo uwe wa kwanza" ukabishana nae kwa maoni yako utashindwa, lakini ukimwekea daftari mezani, ada vijiti vimejaa mstari mzima, historia ya chuo hakuna hata kimoja, mara nyingi anakuelewa mwenyewe.

Kukata vikaratasi

Ukishajua mambo yanayoulizwa bado hujajua yakae vipi pamoja. Hapa usikisie. Kata karatasi vipande vidogo, kila kipande andika jambo moja (ada ya mwaka, gharama za hosteli, sare, sifa za kozi ya famasia, tarehe ya kufungua, namna ya kupata kontrol namba, ratiba ya mitihani, na kuendelea) alafu wape watu ambao hawajawahi kukanyaga chuoni kwenu. Vijana wa mtaani waliomaliza kidato cha nne, mzazi mmoja wawili. Waambie tu wapange vinavyoendana sehemu moja, na kila rundo walipe jina. Usiwasaidie. Usiwape majina ya kuchagua.

Utashangaa wanavyopanga. Sisi tunaweka gharama za hosteli kwenye hosteli, wao wanaweka kwenye ada, kwa sababu kwa mzazi hela ni hela, anachotaka ni jumla ya mwaka mzima. Na majina watakayoyatoa kwenye marundo ndo maneno ya menyu yako. Wakiandika "kujiunga", usije ukarudi ofisini ukaandika "Udahili na Usajili", acha kujiunga.

Menyu ile ya mwanzo ikipita kwenye zoezi hili inatoka kama hivi:

Kozi | Ada na gharama | Kujiunga | Hosteli | Wanafunzi waliopo | Tulipo na simu

Sita tu. Na sio kwamba kuna sheria ya sita. Watu wanapenda kusema menyu isizidi saba kwa sababu ya utafiti wa mwanasaikolojia George Miller wa 1956 wa namba saba kuongeza au kupunguza mbili, ila ule ulikuwa unahusu vitu mtu anavyovishika kichwani kwa muda mfupi, na menyu haishikwi kichwani, ipo mbele ya macho anaisoma. Ukiwa na vitu nane vyenye majina yanayoeleweka weka nane. Kinachoua ni maneno yanayofanana, "Taaluma", "Mafunzo", "Programu" na "Kozi" kwenye menyu moja, mtu anasimama hajui agonge ipi.

Angalia pia kilichoondoka. Barua pepe ya wafanyakazi imeshuka chini kabisa ya ukurasa, mfanyakazi anaijua njia hata ukiificha. Galari imekufa, picha zimehamia kwenye kurasa zinazohusika, picha ya hosteli iwe kwenye hosteli. "Kuhusu Sisi" nayo imeshuka chini, isipokuwa kitu kimoja ndani yake ambacho mzazi anakitafuta kweli, usajili. Namba ya usajili wa NACTVET, lile baraza la taifa la elimu na mafunzo ya ufundi, usiizike kwenye historia ya chuo, iweke ukurasa wa mwanzo, na kwenye kila ukurasa wa kozi irudie, mana matapeli wa vyuo hewa wamewafanya wazazi wawe na wasiwasi na wana haki.

Mgeni hapiti mlango wa mbele

Hapa ndo wengi wanaachwa. Tunahangaika na ukurasa wa mwanzo wiki nzima, kumbe watu wengi hata hawauoni. Mtu kaandika Google "ada ya chuo cha unesi Dodoma", kaingia moja kwa moja ukurasa wa ndani. Mwingine katumiwa linki kwenye grupu la WhatsApp la ukoo na shangazi. Mwingine kabonyeza tangazo Facebook, linafunguka ndani ya Facebook hiyo hiyo, akigonga kitufe cha kurudi anarudi kwenye Facebook. Kwaio nyumba yako ina madirisha mengi na watu wanaingilia kote, kila chumba lazima kijitambulishe.

Kila ukurasa, hata ule uliojificha huko ndani, lazima ujibu bila kuskrol: hapa ni kwa nani, ukurasa huu ni wa nini, na kutoka hapa naenda wapi. Jaribio lake ni rahisi. Piga skrinishoti ya ukurasa wowote wa ndani kwenye simu, mtumie mtu asieujua chuo, muulize tu "hii ni nini?" Akijibu "ni chuo fulani, ukurasa wa ada" umefaulu. Akijibu "sijui, naona picha ya watu wamevaa joho" rudi mezani.

Vitu vya kurekebisha hapo ni vidogo. Jina la chuo juu kila ukurasa, na nembo ukiigusa ikurudishe mwanzo. Kichwa kikubwa kimoja kinachosema ukurasa ni wa nini, "Ada na gharama 2025/26", sio "Karibu". Chini ya nembo weka kamstari kadogo kanakoonyesha ulipo, Mwanzo › Kozi › Uuguzi na Ukunga, kila neno linabonyezeka, kwa mtu alieingilia dirishani hako kamstari ndo kanamwonyesha kuna kozi nyingine pia. Na kile kichwa cha ukurasa kinachotokea kwenye Google na kwenye kijipicha cha WhatsApp kianze na jambo lenyewe ndo jina la chuo lifuate, mana kwenye simu kinakatwa, ukianza na "Chuo cha Sayansi na Teknolojia ya..." kurasa zote zinaonekana sawa na neno ada halionekani kabisa.

Menyu kwenye simu

Vile vistari vitatu vya menyu alivichora mbunifu Norm Cox kwa ajili ya kompyuta ya Xerox Star ya 1981, vikasahaulika, simu zikaja vikarudi kwa kishindo. Mimi sina ugomvi navyo, ila kitu kikiwa kimefichwa hakitumiki sana, hilo limeshapimwa. Nielsen Norman Group, kampuni inayotafiti namna watu wanavyotumia tovuti, mwaka 2016 walilinganisha, kwenye simu menyu ikifichwa yote watu waliitumia kwenye asilimia 57 ya nafasi, ile iliyochanganya, baadhi ya vitu viko wazi na vingine vimefichwa, ikafika 86. Kwenye kompyuta ndo mbaya zaidi, na bado unakuta mtu ana skrini pana hivi kaficha menyu kwenye vistari vitatu eti inapendeza.

Kwaio changanya. Vile vyenye vijiti vingi, Kozi, Ada, Kujiunga, Tulipo, viweke wazi kama vitufe vinne chini ya nembo, viwili viwili, vingine vyote ndani ya vistari. Na pembeni ya vistari andika neno "Menyu". Kuna wazee hawajui vile vistari ni vya nini na hakuna aibu hapo, neno moja halikugharimu kitu.

Menyu za kufunguka ukipitisha mshale juu yake zife. Simu haina mshale. Mtu anagonga "Kozi", menyu inafunguka na wakati huo huo ukurasa unahama, anachanganyikiwa. Wapo ambao bado wako kwenye kivinjari cha Opera Mini kwa ajili ya kubana bando, na kwenye ile hali yake ya kubana sana JavaScript (kodi inayofanya ukurasa ufunguke na kubadilika) haifanyi kazi vizuri, kwaio menyu inayotegemea JavaScript inaweza isifunguke kabisa na wewe kwenye Chrome yako unaiona safi. Dawa ni kwamba kila jambo kubwa la menyu liwe linki ya kweli inayoenda kwenye ukurasa wa kweli wenye orodha ya vilivyomo. Gonga Kozi, unapata ukurasa wa Kozi, kozi zote zimepangwa hapo. Menyu ndani ya menyu ndani ya menyu achana nayo.

Ukubwa wa kugonga: Apple wanashauri pointi 44 kwa 44, Android wanasema 48 za kipimo chao (dp), na WCAG 2.2, mwongozo wa kimataifa wa kufanya tovuti itumike na kila mtu, uliotoka 2023, umeweka chini kabisa pikseli 24. Wewe nenda na pikseli 48 umalizane nayo. Usiweke linki mbili ndogo zimebanana, "Pakua" na "Futa" ziko jirani, kwa kidole gumba cha fundi gereji hapo ni bahati nasibu.

Ukurasa wenyewe: tuchukue wa Ada

Tuutengeneze pamoja kuanzia juu, tukiwa kwenye simu.

Juu kabisa nembo na jina la chuo, kamstari ka ulipo, kichwa "Ada na gharama 2025/26". Alafu jibu. Jibu lenyewe, sio sentensi tatu za "Chuo chetu kinajivunia kutoa elimu bora kwa gharama nafuu". Andika ada ya chini kabisa na ya juu kabisa kwa mwaka, kwamba inalipwa kwa awamu ngapi, na kwamba hosteli imo au haimo. Mtu akisoma hapo tu akaondoka, keshapata alichofuata.

Chini yake ndo unachambua kozi moja moja. Hapa watu wanapenda kubandika jedwali la safu saba, kwenye kompyuta linakaa, kwenye simu linakatika upande wa kulia na safu ya jumla ndo iliyokatika. Livunje, kila kozi iwe na kiboksi chake: jina la kozi, ada, mitihani, bima, sare, jumla kwa herufi nene. Mzazi anashuka mpaka kozi ya mtoto wake anasimama.

Baada ya hapo namna ya kulipa, hatua kwa hatua: kontrol namba inapatikana wapi, unalipaje kwa simu, risiti unaipeleka wapi. Na hapa sema wazi kwamba chuo hakipokei ada kwa namba ya mtu binafsi, kama ndivyo mlivyo, mana msimu wa kuripoti ndo msimu wa meseji za "tuma kwa namba hii". Mwisho wa ukurasa hatua inayofuata: kitufe "Anza kuomba kujiunga", na pembeni yake namba ya simu ya mhasibu inayobonyezeka ikapiga moja kwa moja. Namba ya simu iliyowekwa kama picha ni ukatili, mtu anaikariri tarakimu kumi anarudi kwenye kipigio anaisahau.

Mnaona slaida haipo. Ile picha kubwa inayobadilika, mkuu wa chuo anakata utepe, mkuu wa chuo anapokea wageni, mkuu wa chuo anapanda mti. Inakula skrini yote ya kwanza, inakula bando, na ujumbe wa tatu kwenye slaida wachache sana wanausubiri. Kama bosi lazima aonekane mpe picha moja, ukurasa wa uongozi, ndogo ya KB chache, na picha zote kabla ya kupandisha zipunguze, picha ya MB 4 iliyotoka moja kwa moja kwenye kamera usiiweke popote.

Kuhusu macho yanavyotembea, Nielsen Norman Group tena, 2006, waliwapima watu 232 wakisoma kurasa, wakaona macho yanapita mstari wa juu, yanashuka kidogo yanapita tena mfupi zaidi, alafu yanateremka upande wa kushoto tu, umbo la herufi F. Watu wanalichukua hilo kama maelekezo ya kupanga ukurasa kwa umbo la F, hapana, ile F inatokea pale maandishi yamejazana hayana vichwa. Maana yake kwetu ni hii: weka vichwa vidogo vingi, na neno la maana likae mwanzo wa mstari. "Ada ya hosteli" inaonekana. "Maelezo ya jumla kuhusiana na ada ya hosteli" macho yameshapita.

Maandishi yasiwe chini ya pikseli 16, meusi au karibu na meusi. Hii fasheni ya kijivu juu ya nyeupe ni ya watu wanaokaa ndani, jaribu kuisoma stendi saa saba mchana. Kipimo cha WCAG cha tofauti kati ya rangi ya maandishi na ya nyuma yake ni 4.5 kwa 1, kuna vifaa vya bure mtandaoni unaweka rangi mbili vinakwambia umepita au umefeli.

Na PDF. Jamani PDF. Tangazo limechapwa, likasainiwa, likagongwa muhuri, likaskaniwa kwa pembe, likapandishwa MB 6, jina la faili "scan0034". Hakuna neno la kutafutika mle ndani na kwenye simu inabidi uvute kushoto kulia kila mstari. Andika tangazo kama ukurasa wa kawaida, muhuri wako weka kwenye PDF ya pembeni kwa anaetaka kuprinti. Joining instruction yenyewe sawa, ile watu wanaiprinti kweli, lakini hata hiyo toa mambo muhimu uyaweke kwenye ukurasa: tarehe ya kuripoti, vitu vya kubeba, hela ya kuja nayo.

Maneno ya linki

Pale Xerox PARC, maabara ya utafiti ya Xerox, miaka ya 1990 watafiti Peter Pirolli na Stuart Card walikuja na wazo kwamba mtu kwenye tovuti anafuata harufu, anaangalia linki, anapima kama inanukia anachokitafuta, ikinukia anaendelea, harufu ikikata anageuka. Ndo maana ile kanuni ya "kila kitu kiwe klik tatu" haina mashiko. Mtu atagonga mara tano bila kulalamika kama kila hatua anaona anakaribia. Atakata tamaa kwenye ya pili kama hajui anaenda wapi.

"Bonyeza hapa" haina harufu. "Soma zaidi" nane kwenye ukurasa mmoja, hakuna harufu, na kipofu anaetumia programu ya kumsomea skrini akiruka linki hadi linki anasikia soma zaidi, soma zaidi, soma zaidi. Andika kitu chenyewe: "Pakua joining instruction 2025/26 (PDF, MB 1)". Ukubwa wa faili uandike, kuna mtu anahesabu bando. "Sifa za kujiunga na Famasia". "Orodha ya waliochaguliwa awamu ya kwanza". Linki ndefu sio dhambi.

Na maneno yawe ya mgeni. Kozi jina lake rasmi ni Uuguzi na Ukunga, sawa, liwe kichwa, lakini mtu kaandika Google "unesi" au "nesi", na ya Utabibu kaandika "clinical" au "udaktari wa miaka mitatu". Hayo maneno yaingize kwenye sentensi ya kwanza ya ukurasa kwa namna ya kawaida tu. Hata kisehemu chako cha kutafuta ndani ya tovuti kama kipo kitafaidika. Kama tovuti ina kurasa ishirini sidhani kama unakihitaji, ila kikiwepo kifanye kazi, na kila mwezi angalia watu wameandika nini mle, kila neno lililoleta "hakuna matokeo" ni swali ambalo menyu yako imeshindwa kulijibu.

Kiswahili au Kiingereza

Tovuti ya chuo Tanzania, wazazi wanasoma Kiswahili, kozi zinafundishwa kwa Kiingereza, wageni wa nje nao wapo. Mimi nasema kurasa za mgeni (kozi, ada, kujiunga, hosteli, tulipo) ziwe Kiswahili kwanza na Kiingereza kamili pembeni. Kibaya ni menyu ya Kiswahili, ukigonga ndani Kiingereza, ukigonga tena nusu kwa nusu. Kitufe cha kubadili lugha kiandikwe "English" na "Kiswahili" kwa maneno, bendera ziache, Kiswahili sio cha nchi moja. Na kikigongwa kikupeleke ukurasa ule ule kwa lugha nyingine. Vingi vinakurudisha mwanzo, mtu alikuwa kwenye ada ya famasia anaanza upya safari nzima.

Jaribu na watu kabla hujaizindua

Jakob Nielsen aliandika mwaka 2000 kwamba watu watano tu wanatosha kuonyesha sehemu kubwa ya matatizo, kwa hesabu yake karibia asilimia 85. Unaweza kubishana na hiyo asilimia lakini watano ni bora kuliko sifuri, na gharama yake ni soda. Tafuta wasioijua tovuti. Watumie simu zao wenyewe, sio laptop yako yenye Wi-Fi ya ofisi. Wape kazi, na kwenye kuieleza usitumie maneno yaliyo kwenye menyu. Ukimwambia "tafuta ada na gharama" atatafuta hayo maneno, hujajifunza kitu. Mwambie "mdogo wako anataka kusomea dawa, kapata D nne, angalia kama atapokelewa na mwaka mzima utahitaji hela kiasi gani".

Alafu nyamaza. Hii ndo ngumu. Atasimama, atagonga sipo, mkono utakuwasha wa kumwonyesha, tulia. Angalia kidole kinasimama wapi kabla ya kugonga, pale ndo pana neno bovu. Angalia anaporudi nyuma, pale linki ilimdanganya. Akikuuliza "nagonga hapa?" mjibu "ungekuwa peke yako ungefanyaje?" Mwishoni usimuulize kama tovuti ni nzuri mana atasema nzuri sana, watu wetu ni waungwana, hawatakwambia usoni kwamba umetengeneza takataka. Kilichofanywa na kidole ndo jibu.

Fomu ya kujiunga ijaribu peke yake. Kabla mtu hajaanza aambiwe anahitaji nini mkononi: namba ya mtihani ya kidato cha nne, picha ya pasipoti, namba ya simu, ada ya maombi kama ipo. Mtu kafika ukurasa wa nne ndo anaambiwa aweke picha ya pasipoti, hana, anafunga, akirudi kila alichojaza kimefutika.

Ikishaenda hewani

Tovuti inaharibika polepole kwa matangazo. Kuna ile NEW nyekundu inayowaka na kuzima, pembeni yake tangazo la 2019. Kila tangazo wakati wa kulipandisha lipe tarehe ya kufa, WordPress ina plagini (programu ndogo za kuongezea) za kufanya hivyo, likifika linashuka lenyewe kwenda kwenye kumbukumbu. Kila ukurasa wa mgeni uwe na mwenyewe kwa cheo, ada ni ya mhasibu, hosteli ni ya mlezi, na chini ya ukurasa tarehe ya mwisho kuhakikiwa. Kabla ya dirisha la udahili kufunguka kila mwenye ukurasa ausome wake aseme ni sahihi.

Anuani za kurasa usizibadilishe hovyo. Linki ya ada iliyotumwa kwenye magrupu mwaka jana bado inazunguka, kwaio anuani isiwe na mwaka ndani yake, iwe /ada tu, na kila msimu unabadilisha yaliyomo. Kama lazima ihame, iweke ya zamani ielekeze kwenye mpya. Na ule ukurasa wa "haupatikani" usiuache wa Kiingereza uliokuja na themu (muundo wa tayari wa tovuti), andika kwamba ukurasa umehama, weka vile vitufe vinne vya Kozi, Ada, Kujiunga na Tulipo, na namba ya simu ambayo ofisini kuna mtu ataipokea.